Kokwa ya Zambarau

Watu waliosoma sana huogopa macho. Wakitaka kitu kisiwe na upendeleo, hufunika, hufunga kitambaa, hugeukia ukutani, kisha hujiona wametenda haki. Vidole hawavikumbuki. Ndahani, aliyeiacha shule darasa la nne, alikuwa na mikono ya kuchambua mchele gizani, na alilijua jambo hilo tangu Jumapili ya kwanza alipokiweka chungu mezani.

Ndani ya chungu mlikuwa na mbegu nne: njugu mawe nyekundu, njugu mawe nyeusi, njugu mawe nyeupe, na kokwa moja ya zambarau. Wanafunzi wanne wa chuo aliokuwa akiwapikia ndio waliomwomba mbegu, zozote zile, mradi zitofautiane rangi, naye akawachagulia. Juu ya chungu walitandaza kitambaa chenye tundu la kupitisha mkono. Aliyetoa nyekundu aliishi wiki nzima kama mtu wa Daraja la Kwanza, mhandisi wa maji au daktari. Nyeusi ilikuwa Daraja la Tatu, nyeupe la Sita. Kokwa ilikuwa Daraja la Tisa: mzee asiye na kazi wala mtoto, ambaye nchi ikimkosa haipungukiwi na kitu. Maneno hayo ya mwisho hakuyatunga Ndahani. Yalikuwa kwenye kijitabu cha sheria, ukurasa wa tatu, na alikuwa ameyasoma kwa kufuatisha kidole, silabi kwa silabi, mara nyingi kuliko sala.

Desderi alitoa kwanza kwa kuwa yeye ndiye mwenyekiti wa nyumba. Hidaya alifuata, halafu Kulwa. Sekela alitoa mwisho. Hakuna aliyempangia hivyo. Aliona tu kwamba mtu anayetaka usawa asigombanie foleni. Jumapili mbili za mwanzo kokwa iliangukia popote. Jumapili ya tatu Ndahani alikiona kifundo cha mkono wa Desderi kikizunguka mle ndani, taratibu, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Kokwa ya zambarau ina mikwaruzo. Njugu mawe ni laini. Hidaya naye kidole chake kikajifunza. Kulwa akajifunza. Kama ungewauliza wangekuapia kwamba wametoa tu, na huenda wasingekuwa waongo, maana mkono una akili yake. Sekela alikuta kilichobaki.

Jumapili ya nane aliitoa kokwa kwa mara ya sita mfululizo, akaiinua juu kwenye mwanga na kucheka. "Mzee Ndahani, mimi na hii kokwa nadhani tumeshaoana."

Ndahani alimmiminia chai. Alisema sukari iko karibu yake.

*

Nyumba ilikuwa nje ya Bahi, kwenye nyika tupu, na chuo chao kiliijenga iwe nchi ndogo. Ilikuwa na tangi moja la maji, chumba kimoja chenye kivuli cha kutosha, na kitanda baridi kimoja. Tangu miaka ya joto kuu ianze, mtu aliyekutwa nje kati ya saa sita na saa kumi mchana aliweza kushikwa na homa ya jua, na homa ya jua dawa yake ni moja tu: kulazwa kwenye kitanda kinachopoza damu, ndani ya saa mbili. Vitanda vilikuwa vichache, watu wengi. Hivyo wakubwa wakaunda Zamu, mashine isiyo na uso, yenye sauti ya mwanamke mstaarabu, na wakaipa kazi ya kusema nani atangulie.

Hilo watu walilizoea. Jipya lilikuwa Sheria ya Akiba. Ilisema kwamba saa za joto kali kitanda kisipewe mtu wa daraja la chini hata kama ni kitupu, kwa sababu mtu wa daraja la juu anaweza kuja. Ilikuwa ikijaribiwa katika wilaya tatu. Wanafunzi hawa wanne walijitolea kuishi chini yake wiki kumi na mbili, wakidai kwamba haifai kuwapikia wananchi chakula usichokionja mwenyewe. Wasipoumia, taarifa yao ingesomwa mbele ya Baraza na sheria ingeenda nchi nzima. Na ili isiwe mchezo wa kuigiza, waliomba madaraja yao ya kila wiki yaandikishwe kwenye Zamu yenyewe. Wakakubaliwa. Tangu hapo Sekela alipokuwa wa Tisa, alikuwa wa Tisa mbele ya kitanda, mbele ya gari la wagonjwa, mbele ya kila kitu.

Walihitaji shahidi. Walimtaka mtu asiye na upande, na waliposikia kuna mzee mjane anayejua kupika, walimuuliza maswali mawili tu: kama anaweza kupikia watu wanne, na kama kidole gumba chake hakijasuguliwa na kazi kiasi cha kutosomeka. Hawakumuuliza mkewe alikufa kwa nini. Kwao mtu asiyesoma hakuwa na upande. Alikuwa kama meza.

Desderi alimvisha shingoni kioo kidogo, ukubwa wa kiberiti, akamweleza kwa fahari. Mzee akikibonyeza na kushikilia, kila kinachosemwa mbele yake kinaingia Zamu na hakifutiki, hata rais hawezi kukifuta. Maneno ya wanafunzi kuhusu wenzao hayakuwa yakipokelewa, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakipimwa. Lakini mtu mwingine yeyote akisema kwamba hali ya fulani imebadilika, labda amepata kazi au ana watoto, Zamu ingelibadilisha daraja papo hapo.

"Na akiwa anadanganya?" Ndahani aliuliza.

"Wewe shahidi huthibitishi kwamba ni kweli, mzee. Unathibitisha kwamba limesemwa. Aliyesema ndiye atakayejibu."

Ndahani alilishika neno hilo kama mtu anavyoshika panga kwenye mpini.

Kwa sababu mwaka uliopita, kwenye zahanati ya kata, katika mojawapo ya wilaya zile tatu, Yudita wake, akiwa na homa ya jua, aliketi kwenye benchi saa moja na dakika arobaini. Alikuwa fundi cherehani mpaka macho yalipomkataa. Kitanda baridi kilikuwa nyuma ya kioo, hatua sita kutoka pale, kimetandikwa shuka la bluu, na hakikuwa na mtu. Karani alikuwa kijana mwenye huruma. Aliinamisha kichwa, akashika kioo chake cha ushahidi na kuuliza kwa sauti ya chini, kama anayemwekea mtu mlango wazi: "Mzee, nyinyi mna watoto? Hata wa kulea?" Na Ndahani, aliyelelewa kutosema asichonacho, akajibu, "Hatukujaliwa."

Yudita alimtazama. Hakumlaumu, alimtazama tu. Kisha akauliza kama kile kitanda ni cha mtu.

Barua ya pole iliyokuja baadaye ilikuwa na jina chini: A. Ambilikile, Mkurugenzi wa Zamu. Na miezi ilipopita akasikia kwamba wanafunzi wanatafuta mpishi, na kwamba mmoja wao anaitwa Sekela Ambilikile.

*

Angependa awe msichana mbaya. Ingemrahisishia. Lakini Sekela aliosha sahani yake na za wenzake, alimwamkia shikamoo akiwa amepiga goti kidogo, kwa adabu ya kwao Unyakyusa, na siku moja alimkuta anashona kifungo akamuuliza nani alimfundisha kushona vizuri hivyo. Alijibu kwamba ni mke wake. Msichana akauliza jina lake. Ndahani alijifanya anatafuta uzi.

Jioni wenzake walibishana juu ya mkeka, sauti zikipanda na kushuka, kuhusu nani ana haki ya nini. Desderi alikuwa hodari wa kusema kwamba huruma ni upendeleo uliovaa nguo nzuri. Sekela alisema kidogo. Alishika tu kijitabu, na kila kilichoandikwa kwa Daraja la Tisa alikifanya bila kupunguza. Maji ya Daraja la Tisa yalichotwa saa saba mchana, zamu ya wengine ikiisha. Basi kila siku saa saba alijifunga kanga kichwani, akaenda na ndoo hadi tangi la nje, hatua mia mbili kwenda na mia mbili kurudi. Hidaya alimwambia abadilishane naye, hata siku moja. Akakataa. Alisema wazee wa kweli hawana wa kubadilishana naye.

Ndahani alimsikia akiwa jikoni, na moyo wake ukataka kumwendea. Aliukalisha chini. Alijiambia kwamba hajamgusa huyu mtoto. Yeye alileta mbegu tu. Sheria ni ya baba yake, vidole ni vya wenzake, na jua ni la Mungu. Lakini kila Jumamosi aliiosha ile kokwa kwa mswaki, mikwaruzo ibaki mikali.

*

Sekela alianguka Jumatano, karibu na mlango. Ndoo ilitangulia, na Ndahani alisikia bati likigonga zege kabla hajasikia mtu. Walimwingiza ndani, Kulwa kashika miguu, Desderi mabega. Ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto kama kikaango. Hakujua yuko wapi. Aliita jina la mtu asiyekuwepo.

Hidaya alipiga kiganja kwenye kioo cha chumba cha kitanda. Sauti ikajibu kwa upole: "Sekela Ambilikile, Daraja la Tisa. Kitanda kimewekwa akiba hadi saa kumi. Tunakushukuru kwa uvumilivu wako."

Ndahani alizitambua zile shukrani za zahanati. Yalikuwa maneno yale yale, kwa sauti ile ile. Alitazama saa ya ukutani: saa saba na dakika kumi. Alivuta kigoda akaketi, kama alivyoketi pale zahanati.

Waliita gari la wagonjwa, Zamu ikawajibu kwamba gari ni la Daraja la Nne kwenda juu. Kulwa alijaribu kupasua kioo cha chumba kwa kigoda cha pili. Kigoda kilivunjika, kioo hakikupata hata alama. Walimlowesha maji yote yaliyokuwa ndani ya nyumba, na ngozi ikayanywa kama mchanga. Hidaya alilia bila kuficha. Ikapita nusu saa. Ikapita nyingine.

Ndipo Desderi alipokuja kuchuchumaa mbele ya kigoda, akashika mikono yake miwili. Hakumwita tena mzee, alimwita baba. Alisema suluhisho lipo na ni jepesi. Abonyeze kioo, aseme Sekela ana watoto wawili wadogo. Daraja litapanda hadi la Tatu, kitanda kitafunguka, zoezi halitavurugika, na wiki nne zilizobaki zitakwisha salama.

"Na atakayejibu nani?" Ndahani aliuliza.

Desderi alilamba midomo. "Wewe hakuna atakayekufuatilia, baba. Mtu kama wewe watamfanya nini?"

Ndahani aliitoa mikono yake kwenye mikono ya yule kijana. Kwa hiyo ndivyo inavyokwenda. Msichana angepona, taarifa ingesomwa mbele ya Baraza kwamba hakuna aliyeumia, na mwakani Yudita wengine, wa kila wilaya, wangekaa kwenye benchi wakiangalia shuka la bluu. Akidanganya, sheria inaishi. Akinyamaza, msichana anakufa, na sheria inakufa naye. Na kunyamaza hakukuwa kosa. Kunyamaza kulikuwa haki yake kamili. Ndicho kitu alichopimiwa yeye mwenyewe pale zahanati. Miezi kumi na moja alikuwa akiomba saa kama hii, na sasa imekuja imekaa mapajani mwake, nzito na ya moto.

"Mimi sisemi nisichokuwa nacho," alisema. "Nilishaulizwa swali hilo. Mpigieni baba yake."

*

Wakubwa hawapatikani upesi. Palikuwa na katibu, na katibu wa katibu, na kikao kisichokatizwa. Hidaya alimtukana mmoja wao matusi ambayo Ndahani hakujua msichana wa chuo anayajua. Pumzi za Sekela zilikuwa fupi, na katikati yake palikuwa na mapengo. Ndahani alihesabu mapengo. Alimwona Yudita, na akamwona huyu, na hakuweza tena kuwatenganisha kwa jinsi midomo ilivyokauka.

Saa nane na dakika thelathini na tisa, uso ulitokea kwenye skrini ya ukutani. Mwanaume mnene kidogo, miwani mizuri, nyuma yake pazia la ofisi lililotulia kwa ubaridi. Alimwona binti yake sakafuni na pazia lote la ukubwa likamtoka usoni. Akauliza kwa nini kitanda kimefungwa. Desderi alimweleza. Akauliza shahidi yuko wapi.

"Niko hapa, Mkurugenzi," Ndahani alisema. Skrini ilimwonyesha kuanzia mabega kwenda juu. Chini ya hapo, kifuani, kidole gumba kilikuwa kimeshatua kwenye kioo kidogo, na kioo kilitetemeka mara moja, kama mdudu anayeamka.

"Mzee wangu, nisikilize. Kuna utaratibu. Bonyeza, useme ana wategemezi."

"Anao?"

"Sikiliza, hatuna muda."

"Sheria ya Akiba uliiandika wewe, Mkurugenzi. Inasema mtu wa Tisa asubiri. Huyu ni wa Tisa. Mimi ni mtu wa darasa la nne, nifundishe. Sheria inataka nifanye nini?"

"Achana na sheria!" Sauti ya mkubwa ilipasuka. "Hiyo imeandikwa kwa ajili ya… haikuandikwa kwa ajili ya mtoto wangu. Sema ana watoto wawili. Ana watoto wawili, umesikia? Sekela ana watoto wawili. Mfungulieni."

Kioo kilitetemeka mara ya pili.

"Ushahidi umepokelewa," ilisema ile sauti ya mwanamke, taratibu kama kawaida. "Msemaji: Ambilikile, Daraja la Kwanza. Hali ya Sekela Ambilikile imebadilishwa. Kitanda kiko wazi."

Mlango ulisogea. Kulwa na Hidaya walishamwinua kabla haujamaliza kufunguka. Kwenye skrini Mkurugenzi alikuwa bado amefungua mdomo, macho yakishuka pole pole, yakitafuta mkono wa yule mzee ambao skrini haikuonyesha. Ndahani aliunyanyua taratibu, ili aone vizuri kile kidole.

"Mke wangu aliitwa Yudita," alimwambia. "Mimi niliulizwa kama tuna watoto, nikasema kweli."

Akanyoosha mkono akaizima skrini.

*

Desderi alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani. Alisema zoezi limekufa, taarifa imekufa, digrii zao zimekufa, na kwamba Ndahani amewatumia. Baadaye aliomba msamaha kwa Hidaya, akasahau kumwomba mpishi.

Alasiri, joto lilipoanza kulegea, Sekela alifungua macho. Shuka lilikuwa la bluu. Hidaya alimsimulia yote, hadi maneno ya baba yake na ya mzee. Ndahani aliingia na kikombe cha uji mwepesi, akakiweka, kisha akatoa kitu mfukoni na kukiweka kwenye kiganja chake. Kokwa ya zambarau. Halafu akaweka njugu mawe kando yake.

"Fumba macho," alimwambia. "Zishike."

Alizishika. Ilimchukua muda mfupi sana. Macho yalipofunguka yalielekea mlangoni, kule sauti za wenzake zilikosikika, yakakaa huko. Kisha yakarudi kwake.

"Wewe ndiye uliyechagua mbegu."

"Mimi."

"Ulijua mimi ni nani."

"Tangu kabla sijaja."

Alivuta pumzi, kwa uangalifu, kama mtu anayejaribu ngazi. Aliuliza mke wake alisubiri muda gani. Akamwambia. Saa moja na dakika arobaini.

"Na mimi?"

"Saa moja na dakika ishirini na tisa."

"Hizo dakika kumi na moja zilizobaki," alisema Sekela, "baba asingetokea, ungezimaliza?"

Ndahani alitaka kusema hapana. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, tamu na tayari, na lingewafaa wote wawili. Lakini hakuwa nalo.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Ningekwambia najua, ningekuwa kama baba yako."

Msichana aliikunja ngumi juu ya kokwa mpaka vifundo vikapauka. Ndahani alingoja atukanwe, na aliona ni haki yake. Badala yake Sekela alinyoosha mkono wa pili, akaomba kile kioo cha shingoni. Alisema zoezi limesimama, kwa hiyo yeye sasa ni raia tu, na raia yeyote anaweza kuwa shahidi. Maneno ya baba yake yameshaingia. Yamebaki ya wengine.

"Nitashika, wewe useme. Lakini utaanzia kwenye mbegu. Usipoanzia kwenye mbegu sishiki."

"Wataniweka ndani."

"Ndiyo."

Ndahani alikivua kioo. Kamba yake ilikuwa imemwachia alama shingoni kwa wiki nane. Alitazama kitanda, na mtu aliyekuwa ndani yake. Kidole chembamba cha Sekela kilitua, kioo kikatetemeka.

"Naitwa Ndahani," alianza. "Mbegu nilileta mimi. Niliichagua yenye mikwaruzo, nikaiosha kila Jumamosi. Hilo ni langu, nitalijibu. Sasa andikeni na hili. Mke wangu aliitwa Yudita, fundi cherehani, na siku aliyokufa kitanda kilikuwa kitupu."